Pua ya Benoît

Tangi la kemikali la kiwanda lilikuwa limesimamishwa kazi na kumwagwa ili ufa wa chini uchomelewe. Benoît, mchomeleaji aliyezeekea katika viwanda vya shaba vya Kolwezi, alikuwa juu ya tangi, ameinamia mlango wake, kichwa ndani, akiutafuta ufa kwa tochi.

Angèle, msimamizi wa usalama, alipanda ngazi akiwa na kipima gesi mkononi. Alipofika katikati akakunja uso.

"Tata Benoît, toa kichwa! Hausikie arufu?"

"Arufu gani, mama? Nilipofika kulikuwa kunanuka sawa mayai ya kuoza. Sasa imeisha."

"Haijaisha. Mi naisikia toka huku chini. Shuka!"

Sauti yake ilimfanya mzee ashuke bila kubisha. Angèle akavaa kinyago cha hewa, akapanda, akateremsha ndani ya tangi mpira mwembamba wa kipima gesi. Chombo kikavuta hewa. Tarakimu zikaanza kupanda, kisha zikakimbia. Kikatetemeka, kikawaka taa nyekundu, kikapiga kelele hadi mafundi wa upande wa pili wakageuka. Kiwango kile cha kule chini humwangusha aliyeshuka kabla hajaita mama yake.

"Hii gesi inauaka pua kwanza," alisema aliposhuka. "Ikikuwa kidogo, unaisikia. Ikikuwa mingi, hausikie tena kintu."

Benoît alitazama juu. Alipokuwa kule, jua lilikuwa limeingia kupitia mlango wa tangi. Alikuwa ameona kila kitu mle ndani, matope, misumari, kutu, katika hewa iliyotakata kama maji ya chemchemi. Alivua kofia yake ya kazi taratibu, kama mtu anayeingia kanisani.

"Ilikuwa inanizunguka," alinong'ona. "Nayo haina hata kivuli."

Feni kubwa ilisukuma hewa hadi alasiri. Benoît aliomba akishike kipima gesi mwenyewe. Alizitazama tarakimu zikishuka, midomo ikichezacheza, mpaka sifuri ikatulia. Angèle akapima tena, chini kabisa, kisha akamfunga kamba na kumbandika chombo kifuani.

Akishuka ndani ya tangi, nusu ya ngazi, mzee alisimama. Kamba ikalegea.

"Uko muzuri, tata?" Angèle aliita.

Kisha pumzi ndefu ikasikika mle ndani, ikivutwa polepole.

"Niko muzuri, mama. Niko navuta tu hewa. Uniachie kidogo."