Mtani Hamlilii Marehemu

Siku ya kumzika Kaluba, Yobe Shawa aliamka akiwa na hakika ya jambo moja: rafiki yake hangefukiwa kimyakimya. Alivaa koti jeusi, akafunga tai, akapiga viatu rangi, kisha akashika njia ya mtaa wa Kantanshi, kwenye msiba, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini.

Katika bendi ya Malasha walikuwa wanne, na sasa alibaki yeye peke yake. Waliianzisha katika karakana ya mgodi wa Mufulira, enzi shaba ilipokuwa na bei na vijana walipotembea juu ya visigino virefu kuliko vya mama zao. Kabla yao, bendi za mji huo zilipiga muziki wa kubembeleza wanandoa. Kaluba alichukua wembe akaichana karatasi ya spika, na gitaa likaacha kulia, likaanza kunguruma. Yobe akahamishia kwenye dramu kubwa ule mshindo wa miguu ya wachezaji wa Kingoni. Usiku wa kwanza vioo vya ukumbi wa wachimbaji vilitetemeka, na watu wakatoka wakisema vijana wale wamerogwa. Wiki iliyofuata watu wale wale walijipanga mlangoni tangu jua halijatua.

Walipiga Lusaka, walipiga Blantyre, walirekodi santuri mbili. Kisha shaba ikaanguka, kumbi zikafungwa, na ugonjwa ukawachukua mpiga besi na mpiga kinanda. Kaluba akatundika gitaa lake, akawa mtu wa kanisa. Yapata miaka thelathini hakuna aliyewataja. Halafu vijana ambao hawakuwa wamezaliwa enzi hizo wakazifukua zile santuri, na kutoka Kitwe hadi Livingstone hapakuwa na bendi ya roki isiyoanza mazoezi kwa wimbo wao wa kwanza, “Shimo la Tatu”. Huo ndio wimbo Yobe aliotaka upigwe kaburini.

Langoni mwa nyumba ya msiba alimkuta Ba Felistasi, kama Wabemba walivyomwita kwa heshima, dada mkubwa wa marehemu, akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa. Nyuma ya Yobe liliegeshwa pikapu la Mapalo, msichana mpiga gitaa kutoka Kitwe, likiwa na mzigo uliofunikwa turubai.

“Ba Yobe, nini hicho kwenye gari?”

“Maua, dada.”

“Maua yenye nyaya?”

“Siku hizi yapo ya kila aina.”

Wanaume waliokuwa wameketi kuzunguka moto waliinamisha nyuso ili wasionekane wakicheka. Ba Felistasi hakucheka.

“Mdogo wangu atazikwa kwa nyimbo za kanisa. Kelele zenu nimezisikia vya kutosha. Wenzenu wale wawili niliwauguza mimi, katika chumba kile pale. Mji mzima ulikuwa unawashangilia, lakini hakuja shabiki hata mmoja kunisaidia kubeba ndoo ya maji.”

Yobe aliinama. Hayo yalikuwa kweli, na yeye mwenyewe hakuwa amekuja mara nyingi kama alivyopaswa. Lakini alikuwa amejiandaa.

“Dada, mimi ni Mngoni. Ninyi ni Wabemba. Tangu lini Mbemba akamfungia mtani wake mlango wa msiba?”

“Hapo amekushika!” alipaza sauti mzee mmoja pale motoni. “Mtani hazuiwi!”

Ba Felistasi alimsogelea Yobe. Hakuwa mtu wa kushikika upesi.

“Vema. Haki ya mtani siwezi kuikata. Lakini uishike yote, usichague nusu. Mtani hamlilii marehemu, humcheka. Basi ukipiga, piga ukimsuta. Nikiona chozi moja tu, wewe si mtani tena, ni mfiwa kama sisi, na wafiwa wa nyumba hii wananisikiliza mimi. Mashine yenu nitaizima kwa mkono wangu.”

“Chozi? Mngoni amlilie mla nyani?”

“Tutaona, mla panya.”

Watu walipiga makofi, na Yobe akarudi kwenye pikapu akiwa amenyoosha mabega. Ndani ya koti lile, hata hivyo, moyo ulikuwa umemlegea. Tangu apate habari alikuwa akilia kila alipobaki peke yake. Yeye na Mapalo walikuwa wamepanga kuupiga wimbo kwa heshima zote, kama ulivyo kwenye santuri. Aliikimbilia haki ya utani bila kukumbuka masharti yake.

“Mpango umebadilika,” alimwambia Mapalo. “Hatumwombolezi. Tunamsema.”

“Shikulu!” Mapalo alizoea kumwita hivyo kwa heshima, kama angemwita babu yake. “Nimsute Ba Kaluba? Yeye ndiye aliyenifundisha gitaa, ingawa hakunijua.”

“Wewe piga kama ulivyojifunza. Kusuta niachie mimi.”

Makaburini mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba, na kabla jeneza halijanyanyuliwa Yobe alivua koti akashuka kaburini, akajilaza chali.

“Mmechimba pa ziada!” alisema kutoka chini. “Kaluba alikuwa mrefu wa maneno tu!”

Kicheko cha kwanza kilitoka upande wa wanaume. Walimvuta juu, naye akaketi nyuma ya dramu zilizokwisha shushwa kwenye pikapu, vumbi jekundu likiwa mgongoni. Jenereta iliwashwa. Ba Felistasi alikwenda akasimama kando yake, mkono mmoja juu ya swichi.

Mapalo akaanza. Gitaa lilinguruma, likazunguka mara ya kwanza, ya pili, na katika mzunguko wa tatu noti moja ikaruka juu pasipotarajiwa, kama mtu aliyejikwaa akaendelea kutembea. Vijana waliotoka Kitwe kuja mazikoni walitikisa vichwa kwa unyenyekevu. Yobe akainua vijiti.

“Simama! Binti, noti hiyo umeitoa wapi?”

“Kwenye santuri, Shikulu. Wote tunaipiga hivyo. Mwalimu wetu anasema hapo ndipo ulipo ufundi wake wote.”

“Ufundi!” Yobe aliwageukia waombolezaji. “Jamani, nisikilizeni. Siku ya kurekodi, huyu bwana aliacha samaki wake wa kukaanga nje ya kioo cha studio. Alipofika mzunguko wa tatu akamwona fundi mitambo anamtafuna yule samaki mkia. Kidole kikateleza! Tepu ilikuwa inakwisha, ikabaki hivyo hivyo. Na leo nchi nzima inapiga njaa ya Mbemba!”

Makaburi yalilipuka kwa kicheko. Akina mama walijifunika vitenge, mabega yakiwatikisika. Mapalo mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, kisha akairudia noti ile, akaivuta makusudi, na watu wakaishangilia. Yobe alishuka na mshindo wa Kingoni, na wimbo ukainuka mzima, kwa nguvu zake zote.

Wakafika mahali pa kuimba. Pale Kaluba alikuwa na desturi ya kuvuta pumzi kwa kishindo kabla ya neno la kwanza, na Yobe alikuwa na desturi ya kumsubiri. Mguu wake ulisubiri. Pumzi haikuja. Vijiti vikalegea, pigo likapungua, na jeneza lile ghafla likawa ni jeneza. Alihisi macho yanajaa. Akatazama upande wa jenereta.

Ba Felistasi alikuwa ameona. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi, na sharti alikuwa amelitamka mbele ya watu wote. Alimkazia macho, kisha akapaza sauti kuliko spika.

“Wewe Mngoni! Hiyo ni dramu au unatwanga mihogo? Kaluba alikubeba mgongoni miaka yote, leo ndio tunajua nani aliiua bendi!”

Watu walishika midomo. Maneno kama yale hayaambiwi mfiwa. Huambiwa mtani.

Yobe alimgeukia.

“Bendi iliuawa na ugali wako, dada!” alijibu. “Tulikuwa tunashiba mawe!”

“Mawe mliyoyamaliza sufuria mbili!”

“Tuliogopa kutukanwa!”

Vicheko vikamrudishia mkono, mkono ukalirudisha pigo, na pigo likamchukua Mapalo, ambaye alisogea mbele akaimba maneno ya Kaluba kwa sauti yake mwenyewe. Vijana wa Kitwe wakaitikia. Wachimbaji wastaafu wakaitikia. Kamba zikaachiwa polepole na jeneza likaanza kushuka, huku Yobe akipiga bila kuchelewa hata mahali pamoja.

Ba Felistasi akaondoa mkono kwenye swichi, akauweka kiunoni, akaanza kutafuta tusi jingine.