Mbaazi za Jumamosi

Mjukuu wangu ana majina mawili. Mimi humwita Kenga, jina la marehemu babu yake, na kwa utani wetu ni mume wangu. Jerioth wa Chaani, mamake mkaza mwanangu Phoebe, humwita Maxwell. Mtoto ana miaka minne na huitikia yote mawili. Lakini akiitwa Maxwell huja mbio.

Jumamosi ile mwanangu Baya alisema atamleta kwangu Mtopanga. Niliamka mapema nikapika mbaazi za nazi, tui zito, kama anavyopenda. Adhuhuri ikapita. Ndipo Baya akapiga simu.

"Mama, mtoto amekataa kutoka Chaani. Analilia bibiye. Tutakuja kesho."

Bibiye. Na mimi ni nani?

Jirani aliziomba zile mbaazi, nikamnyima, nikafunika sufuria. Friji sina. Jumapili baada ya kanisa Kenga akaja, nikazipasha moto. Nilipoonja nikasikia uchachu, mdogo tu. Tui likilala kwenye joto hili huharibika, mpwani gani asiyejua? Lakini Kenga alikuwa ameshaanza kunisimulia chapati za bibi wa Chaani. Nikakamulia ndimu, nikamjazia sahani. Akala, akaomba tena. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Jumanne alikuwa kitandani hospitalini, macho yamedidimia, anahara damu. Daktari, mtu mpole, alituambia utumbo mwembamba na utumbo mpana vyote vimevimba.

"Amekula nini siku hizi tatu?" akauliza.

Phoebe akamgeukia mamake. "Mami, yale maziwa ya Jumapili asubuhi, uliyachemsha?"

"Niliyachemsha. Nafikiri niliyachemsha." Sauti ya Jerioth ikakatika. "Yaliletwa na muuzaji mpya."

Nikamtazama akifuta machozi kwa ncha ya leso, na moyo wangu ukatulia. Miezi mingi nilikuwa naungojea uso ule. Nikanyamaza.

"Kama ni maziwa mabichi," daktari akasema, "itabidi tutoe damu tena, tupime na vitu vingine."

Kenga alikuwa amechomwa mikono yote miwili wakitafuta mshipa. Alipomwona muuguzi na trei hakulia. Aligeukia ukuta tu, akaificha mikono chini ya tumbo.

"Si maziwa," nikasema. "Ni mbaazi zangu. Nilipika Jumamosi, nikampa Jumapili. Zilikuwa zimechacha, na nilijua."

Daktari akaandika. "Asante, bibi. Basi sindano ingoje, tusubiri kwanza majibu ya choo."

Aliyesema ni Jerioth.

"Mama Baya, ukaniacha nilie?"

"Nilikuacha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anakupenda."

"Sasa atanipenda zaidi," akasema, wala hakutabasamu.

Baada ya siku tano mtoto akaruhusiwa kutoka. Phoebe akasema atapata nguvu Chaani. "Utakuja kumwona, mama. Ila chakula usibebe."

Kwa hiyo kila Alhamisi nakwenda, mikono mitupu. Jerioth hunifungulia mlango, hunipa kiti, kisha hukaa na mtoto mapajani, akimpapasa mgongo. Yeye humnywesha uji kijiko kwa kijiko, mimi natazama. Wivu haujanitoka. Naukalia papo hapo kwenye kiti cha Jerioth mpaka saa kumi, halafu naaga.