Harufu ya Nondo Jike

Enock alipofariki alimwachia mkewe Elina binti mmoja, Jenipher, na michungwa iliyokuwa ikidondosha matunda yenye funza. Afisa kilimo alipokuja Mtinko kufundisha, Elina alikwenda pamoja na shemeji yake Chediel. Wakaonyeshwa mitego yenye gundi na vipande vya mpira vilivyotiwa harufu ya nondo jike. Dume akiifuata ile harufu ananasa, na jike akikosa dume, mayai yake hayatoi funza.

Msimu uliofuata Elina alivuna machungwa masafi. Chediel akawa anapita pale kila jioni kuyatazama.

Kisha maneno yakaanza kisimani. Yule mjane ana dawa ya kuvuta madume. Nani aliyaanzisha, Elina hakujua. Mwanamume akisimama tu kununua machungwa, mke wake anakuja mbio na matusi. Mwisho Elina na wakwe zake wakaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtego ukawekwa katikati.

"Huu unavuta nini?" mwenyekiti akauliza.

"Madume ya nondo, mzee. Shemeji yangu alikuwepo tulipofundishwa. Shemeji, waambie."

Chediel aliuangalia mtego kama kitu asichowahi kukiona. "Siku hiyo nilikuwa mnadani," akasema. "Hata mimi nashangaa."

Mtu akamtemea Elina mate begani. Ukoo ukaamua aondoke siku hiyo hiyo, mtoto abaki kwa baba yake mdogo. Jenipher alimng'ang'ania khanga mpaka ikachanika. Klara, mke wa Chediel, ndiye aliyembandua, kidole kimoja kimoja.

Elina akahamia kwa kaka yake, kijiji cha Mkiwa, akawa anauza vitunguu kando ya barabara. Michungwa ilipochanua tena, pikipiki ikasimama mbele yake. Alikuwa Chediel.

"Mitego nimeitundika," akasema bila salamu. "Ule mpira unabadilishwa baada ya muda gani?"

Elina alitamani kumdanganya. Lakini Jenipher alikuwa anakula kutokana na shamba lile.

"Wiki sita. Usiushike kwa mikono yenye tumbaku."

"Haya."

"Shemeji, mwanangu hajambo?"

Chediel alishawasha pikipiki. "Hajambo. Anamwita Klara mama. Tumemwambia wewe ulikufa."

Akainama, akachagua kitunguu kikubwa kuliko vyote, akakitia mfukoni na kuondoka.