Mkono wa Mkwe

Kule Zombo, hakuna mwanamke aliyejua kuchagua mbegu ya mpunga kama Kishiwa. Baada ya mavuno, wenyeji kwa Wasukuma wenzake walimletea nyungo zao, naye akapitisha vidole kwenye punje, akatenga zilizokomaa na pepe. Miaka ya karibuni vidole ndivyo vilivyofanya kazi yote. Macho yalikuwa yamemsusa.

Hakuwa kipofu. Nywele za kope zake za juu ziligeukia ndani, zikawa zinakwaruza mboni kila alipopepesa. Alizing'oa kwa kibano alichofunga kwenye pindo la khanga, nazo zikaota tena, fupi na ngumu kuliko za mwanzo. Jua likiwaka alitembea kainamisha kichwa, machozi yakimchuruzika, na wasiomjua walidhani analia. Hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe. Kishiwa hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Hata siku ya kumzika mumewe alisimama wima mpaka wageni wa mwisho walipoondoka.

Binti yake, Doto, aliolewa na Melkizedek, kijana wa Munisagara aliyekuwa muuguzi wa macho mjini Kilosa. Kishiwa hakuipinga ndoa, ila hakuificha huzuni yake kwamba binti amekwenda kwa watu wasiofuga. Melkizedek naye alijifunza haraka mila za ukweni. Hakumkaribia mama mkwe, hakumtazama usoni, hakula naye, wala hakumgusa hata mkono. Akija kusalimia alichuchumaa mbali, akasema, "Shikamoo, mama," naye Kishiwa akajibu "Marahaba" akiwa amegeukia jikoni. Maneno mengine yote yalipitia kwa Doto, ingawa wote watatu walikuwa wanasikiana vizuri kabisa.

Kiangazi kimoja ikatangazwa kwamba wapasuaji wa vikope, ugonjwa huo wa kope kugeukia ndani, wangekuja kwenye zahanati ya kata. Kishiwa alisitasita, maana kulikuwa na uvumi kwamba mwanamke mmoja alitolewa jicho zima. Kilichomshawishi ni Doto, aliyemwambia atakayempasua ni mwanamke, Sista Jackline, mwenye mkono mwepesi. Basi akakubali, na alipokubali yeye, wanawake wengine wenye tatizo hilohilo wakajipa moyo. Wakaongozana asubuhi kwa miguu, Kishiwa mbele pamoja na Doto, nyuma yao Bi Mwantumu, rafiki wa Kishiwa, mzee mwenyeji wa hapo hapo ambaye mashamba yao yalipakana.

Walipofika, Sista Jackline hakuwepo. Wagonjwa walikuwa wamefurika Mikumi, akapelekwa huko. Aliyesimama mbele ya mabenchi, kavaa sare safi ya kijani, alikuwa Melkizedek.

Kishiwa akaketi benchi la nyuma, akajivuta khanga mpaka usoni.

"Ugonjwa huu unaitwa trakoma," Melkizedek akaanza. "Unaletwa na bakteria, kidudu kidogo mno, kinaitwa klamidia. Humwingia mtu angali mtoto. Nzi anatua kwenye tongotongo za huyu, halafu anatua kwa yule. Au mama anawafuta watoto wote nyuso kwa pindo moja la khanga."

Mwanamke mmoja akadakia, "Klamidia? Si ndiyo ile ya zinaa tuliyoambiwa kliniki?"

Vicheko vikazuka. Kishiwa alihisi uso unamwaka. Mkwe wake mwenyewe, mbele za watu, kamtajia ugonjwa wa namna hiyo!

Melkizedek hakupandisha sauti. Alingoja wamalize kucheka. "Ni ndugu, lakini njia zao ni mbalimbali," akasema. "Wa zinaa njia yake mnaijua. Huyu wa trakoma njia yake ni nzi, vidole na vitambaa. Hakuna mama hapa aliyeupata kwa jambo la aibu. Mliupata mkiwa watoto, mkicheza uani."

Kishiwa alikuwa ameshainuka. Alizunguka nyuma ya jengo, akasimama karibu na tenki la maji. Doto akamfuata, na baada ya kitambo Melkizedek naye akaja, akasimama mbali, macho chini.

"Muulize mumeo," Kishiwa akamwambia bintiye, "hicho kidudu kimo machoni mwangu hata leo?"

"Mwambie mama huenda kiliisha zamani," Melkizedek akajibu. "Utotoni kilimrudia mara nyingi, na kila kiliporudi kiliacha kovu ndani ya kope. Kovu likajivuta, likaipindua kope. Sasa anaumizwa na nywele zake mwenyewe. Vidonge peke yake haviwezi kuinyoosha."

"Na hili la kushoto lenye ukungu?"

"Ukungu uliokwisha kuingia siwezi kuuondoa. Nikigeuza kope, nywele zitaacha kumkwaruza, ndiyo kinga ninayoweza kumpa."

Jibu hilo lilimkaa Kishiwa moyoni. Waganga aliowahi kuwaendea walimwahidi kuona kama msichana. Huyu hakumpamba.

"Muulize kama atanishika uso."

Doto hakurudia swali.

"Mwambie nitamshika," Melkizedek akasema. "Bila kumshika siwezi kumtibu. Akipenda, aje Kilosa siku Sista Jackline akiwepo. Sitamfikiria vibaya hata kidogo. Ila asikawie, jicho linaharibika."

Wakati huo Bi Mwantumu akachungulia kwenye kona, viatu mkononi. "Mama Doto, kumbe tunarudi? Ukienda wewe, mimi nabaki kufanya nini?" Nyuma yake wengine walikuwa wanajifunga khanga tayari kwa safari.

Kishiwa akawatazama kupitia machozi yake. Mila ile aliipokea kwa mama yake, na aliipenda kwa sababu ililinda heshima. Na sasa alijiuliza ni lini kijana huyu alimkosea heshima. Kamweleza ukweli bila kuupaka mafuta, kampa nafasi ya kukataa, na mpaka dakika hiyo hajainua macho.

"Melkizedek," akaita.

Doto akashtuka. Mama yake hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe.

"Nenda kanawe mikono, mwanangu. Nakuja."

Walimlaza, wakamfunika uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu palipo na jicho tu. Sindano ya ganzi iliuma, kisha kope ikawa nzito kama si yake. Mkono wa mkwe ulitua kwenye paji la uso wake taratibu, ukatulia hapo.

"Mama, tazama chini, kuelekea miguuni. Vizuri. Sasa utasikia navuta, lakini hutasikia maumivu."

Kila alichotaka kufanya alimwambia kwanza. Msaidizi wake alipotaka kumpa mkasi uliogusa pembeni ya meza, alisema bila ukali, "Huo weka kando, nipe mwingine." Kishiwa alijua sauti ya mtu anayejua kazi yake, aliwahi kuwa nayo mwenyewe mbele ya ungo. Kumbe huyu aliyekuwa akichuchumaa kule mbali kama mtu asiye na neno, ndiye huyu! Fahari ikampanda kifuani kwa nguvu, akaogopa isimtikise akaharibu mshono.

Alipotolewa nje, macho yote mawili yamefungwa, Doto kamshika mkono, mabenchi yalinyamaza.

"Mnanitazama nini?" akauliza. "Aliyenipasua ni mkwe wangu, mume wa Doto. Anayengoja mkono mzuri kuliko huo atangoja sana!"

"Nipisheni," ikasikika sauti ya Bi Mwantumu. "Ninayefuata ni mimi."

Kesho yake Melkizedek alimfungua bandeji mwenyewe. Kope zilikuwa zimevimba na nyuzi zilichomachoma, lakini Kishiwa alipepesa, akapepesa tena, na hakuna kilichomkwaruza. Jua lilikuwa limejaa mlangoni naye akalitazama bila kuinama. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu wake kama alivyoambiwa. Kwa la kulia alimwona kijana aliyeinamisha uso.

"Inua uso nikuone."

Melkizedek akainua, kwa woga.

"Kumbe una mwanya," Kishiwa akasema. "Na umekonda. Doto, mbona mumeo humlishi?"

Doto akacheka mpaka akashika ukuta. Melkizedek naye akacheka, na huo mwanya ukaonekana wote.

Haikuchukua muda Petro, shemeji wa Kishiwa kwa marehemu mumewe na mkubwa wa ukoo, akaja nyumbani kwake na uso umekunjamana. Akaketi, akakataa hata maji. "Tumesikia mkwe amekushika uso. Tangu lini?"

"Tangu macho yangu yalipomhitaji," Kishiwa akamjibu. "Shemeji, mimi ndiye niliyemwita, kwa jina lake. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumu mimi, halafu uende kote Kilosa utafute familia yenye mkwe kama huyo. Na wewe mbona unajifuta machozi tangu umeketi? Sogea hapa."

Petro alitaka kukataa, ila Kishiwa alishamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga. Zilikuwepo, nywele tatu nne, zimelala juu ya mboni.

Wiki hiyohiyo wakapanda gari la kwenda Mikumi, ambako Melkizedek alikuwa amepelekwa kuendelea na upasuaji. Wagonjwa walijaa mpaka barazani. Kishiwa alipita katikati yao kichwa juu, Petro nyuma yake, na kila aliyemuuliza mzee huyu anampeleka wapi, alimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Kwa mwanangu."