Kibao cha Lugnet

Miaka kumi na tisa, kila Siku ya Kupaa, Ingegerd ndiye aliyewaongoza wanakijiji wa Hultabro msituni kutembelea mahame. Kila kijumba kilichobomoka alikiwekea kibao: jina, nani alizaliwa hapo, nani alihamia Amerika. Mwaka huu kamati ya kijiji ilimpa kazi hiyo Tuva, aliyehamia kijijini juzi tu. Hiyo juzi ilikuwa miaka minne, lakini Ingegerd hakutaka kuhesabu.

Siku moja kabla ya matembezi, Tuva alibisha hodi, buti zimejaa tope. Ingegerd alimmiminia kahawa. Biskuti aliziacha kabatini.

"Bi Ingegerd, kile kibao cha kijumba cha Lugnet. Naona hakipo mahali pake."

"Nilikichomeka mwenyewe, mwanangu. Kwenye mabaki ya meko."

"Lile ni rundo la mawe ya shambani, halina masizi. Nimechimba kwingine, hatua arobaini ukiteremka, penye maua ya zambarau. Yale hayajipandi msituni." Akaweka mezani kipande cha tofali, cheusi upande mmoja.

Ingegerd alikigeuza. Lugnet ndiko alikozaliwa bibi yake. Kila mwaka aliyagusa yale mawe mbele ya watu, sauti ikimkwama, na watu wakatoa leso.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Kihamishe leo. Kesho mimi nitasoma tu kilichoandikwa."

Hapo ndipo palipomchoma. Kama Tuva angemuumbua, angalau yeye angepata sababu ya kumchukia. Akili anayo, magoti mazima anayo, na roho nzuri pia! Mtu mmoja apewe vyote?

"Mbona huli biskuti?" alifoka.

"Hujanipa, Bi Ingegerd."

Alikihamisha peke yake, kwa nyundo, akihema.

Kesho yake, katikati ya matembezi, mzee Sixten alisimama njiani. "He! Kibao kimeota miguu?"

Tuva aliangalia buti zake. Kufichiwa siri na huyu hadi nife? aliwaza Ingegerd. Thubutu!

"Nilikosea miaka yote," alisema. "Tuva ndiye aliyepagundua mahali penyewe."

Wakampigia Tuva makofi. Ingegerd hakuwahi kupigiwa hata moja. Aliwapa mgongo, akachuchumaa, akapapasa matofali mpaka vidole vikawa vyeusi. Machozi yalipomtoka, safari hii hakutaka mtu ayaone.