Ukuta wa Kanisa la Tembe

Mlango wa Kanisa la Tembe, kule kilimani juu ya Kibakwe, haujali cheo cha mtu. Awe askofu, awe mbunge, awe mwanafunzi wa chuo aliyekuja kupiga picha, atainama tu. Watu hutoka Dodoma, Kondoa na mbali zaidi kuja kuhiji na kulishangaa: nguzo za miti, kuta za fito na udongo, paa bapa la udongo vilevile. Mababu walilijenga kama walivyojenga nyumba zao, wakamkaribisha Mungu humo bila aibu.

Loisi, katibu wa kamati ya kanisa hilo, ndiye aliyewatembeza wageni. Kazi aliijua, wala hakujifanya haijui. Ila mwaka huu, siku moja kabla ya hija, kuna jambo lilimkaba roho. Mama yake, Debora, hakuwa ameingia humo tangu avunjike nyonga. Kukaa aliweza, lakini mlango ulikuwa mfupi hata kwa aliyeketi; kuinama, hata kidogo, hapana. Hija zote hizo alikaa nje kwenye kiti chake cha magurudumu, akisikiliza nyimbo kama jirani asiyealikwa harusi. Vijana walipotaka kumbeba amelala, aliwafukuza.

"Chali nitaingizwa siku nikifa," aliwaambia. "Kwa sasa nataka kuingia nikiona watu."

Mwenyekiti Methusela akaja na dawa ya tatizo, na msumeno mkononi.

"Tukate boriti ya juu, mlango uwe mrefu. Mama Debora apite, na maaskofu wasikwaruze kofia zao."

"Boriti hiyo imeshikana na nguzo za paa, mwenyekiti," Loisi alisema. "Ukiikata, kesho tutaimba nyimbo za mazishi. Halafu huo mlango ndio watu wanaoufuata."

"Basi mama yako abaki nje?"

Swali lilimchoma. Akageuka upande wa ukutani, ambako wanawake walikuwa wanakandika udongo mpya, kama kila kiangazi kabla ya hija, mikono imejaa tope na midomo imejaa maneno. Akaangua kicheko. Asubuhi nzima wanabishania mlango, kana kwamba tembe ni nyumba ya tofali! Katika tembe ukuta haubebi chochote. Wenye mzigo ni nguzo. Ukuta ni nguo tu, unavuliwa na kuvaliwa.

"Acheni kukandika hapo," aliwaambia. "Hapo tunabomoa."

Methusela alishika kichwa. Wanawake hawakungoja kuelezwa mara ya pili. Wakabandua udongo kati ya nguzo mbili, wakafungua kamba, wakang'oa fito. Paa halikutikisika.

Debora akasukumwa hadi pale. Alilitazama tundu, akasonya.

"Hapa hupita mwizi wa mbuzi. Mimi niliingia humu bibi harusi, leo mnanitobolea ukuta?"

Hilo Loisi hakulitegemea. Wengine wangebembeleza, yeye alichutama mbele ya kiti, akamtazama mama yake machoni.

"Mama, mwizi huingia watu wamelala. Sisi tuko macho, jua la saa sita, na tumekutobolea sisi wenyewe wenye nyumba. Ukikataa tutaziba, na kesho utasikiliza tena kwa nje."

Debora akaweka kitenge chake sawa.

"Haya, nisukume. Usinikimbize."

Magurudumu yakavuka. Ndani hamkuwa na mtu, mabenchi tu na harufu ya udongo, lakini Debora aliinua sauti akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" kama aliyerudi kwao kutoka safari ndefu. Wanawake wakaitikia kutoka nje, wengine wakilia. Loisi naye alilia, na hakujificha.

Jua lilipoanza kuinama, Methusela akaingiwa na wasiwasi.

"Sasa tumtoe mama tuzibe. Wageni wa kesho wakikuta kanisa lina tundu, tutaaibika."

"Zibeni," Debora alijibu kutoka ndani.

"Na wewe utatokaje?"

"Miaka yote hiyo nililia nataka kuingia. Kuna mtu amenisikia nikilia nataka kutoka? Ibada ni kesho, na mimi nimeshafika. Zibeni, mniletee blanketi."

Methusela akageuka kumtafuta Loisi. Loisi alikwisha kuondoka kwenda nyumbani. Aliporudi, fito zilikuwa zimefungwa na udongo umefika kiunoni. Akainama mlangoni, akaingia na blanketi mbili.