Bata Mweusi wa Lambo la Nkololo

Bata alikuwa mweusi tii, isipokuwa mashavu yake yaliyopauka, na alitulia ukingoni mwa lambo bila kuogopa mtu. Hilo ndilo lililomtisha Mzee Mboje. Akawazuia ng'ombe wake wasinywe.

"Ndege nisiyemjua hakai bure kwenye maji ya ng'ombe wangu," alisema. "Tuwapeleke mtoni."

Mtoni kulikuwa mbali, na ng'ombe walikuwa mifupa mitupu kwa ukame, wengine wasingefika. Mkwewe Scola, mwalimu wa shule ya msingi, akakimbilia nyumbani kuchukua kitabu cha ndege alichoachiwa na mgeni. Alikipenda sana kitabu kile, na tusifiche, alipenda pia kuonekana anakijua. Akapekua mpaka akampata: bata wa baharini, jike, mwili mweusi, mashavu yaliyopauka. Kwao ni kaskazini ya mbali, na hushuka pwani kukimbia baridi ya Desemba. Huku ilikuwa Julai, msimu wa kuuza pamba. Scola aliusoma mstari huo wa Desemba haraka, akaupita.

"Baba, huyu ni ndege wa baharini, kapotea njia tu. Hana mkosi wowote."

"Una hakika, mayu?" mzee aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nina hakika."

Mzee akamtazama kidogo, kisha akamwashiria mwanawe Ngeleja, mume wa Scola, awaachie ng'ombe. Wakateremka mbio kwa kiu.

Scola akamsogelea bata wake amwone vizuri. Bata hakuruka. Alipomwinua, ndege alitoa mluzi mwembamba, na Scola akaujua. Alikua akiusikia kwenye majaruba ya mpunga ya kwao Kasoli. Huyu alikuwa bata wao wa siku zote, mwenye uso mweupe.

Akamfuta kwa kanga. Weusi ukatoka, mzito, wa oili chafu, na chini yake yakaonekana manyoya ya hudhurungi. Harufu kali ya dawa ya pamba ikampanda puani. Tangu msimu wa kununua pamba ufunguliwe, malori ya wanunuzi yalikuwa yakipishana hapo. Jana tu dereva wa lori moja alikuwa akioshea lamboni mapipa ya oili na ya dawa. Scola alimwona, akampungia mkono, akapita zake.

"Ngeleja! Watoe majini! Watoe!"

Ngeleja aligeuka, hakuelewa. Nyuma yake kundi zima lilikuwa limeinamisha vichwa, likinywa.